Redio ile ile: mzee wako mlimrudishaje kwenye chanjo?

BintiMpare: Wakuu, poleni na majukumu. Mama yangu yuko Same, na kwake jambo si kweli mpaka redio iliseme. Aprili 2020 redio ikatangaza siku tatu za maombi ya kitaifa, mama akafunga zote. Mei 3 Hayati Magufuli, akiwa Chato, akasema papai na mbuzi wamekutwa na korona. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, na naapa hakuna kipindi cha afya alichowahi kukikariri vile. Mwezi huo huo takwimu zikakomea kwa wagonjwa 509 na vifo 21. Kimya. Yeye akahesabu kwamba ugonjwa umeisha, ila nyungu hakuacha: kila jioni mchaichai na majani ya mpera, blanketi zito juu, mjukuu akiitwa kwa nguvu.

Halafu Julai 28, 2021 redio ile ile ikamrusha Rais Samia akichanjwa Ikulu. Mama alizima, akaenda kuchambua maharage. Hajachanja mpaka leo. Siku hizi hata wakitangaza chanjo ya surua ya watoto ananiuliza, "Hiyo ni ya redio ya kwanza au ya pili?" Nimjibuje?

Kibabu wa Tandale: Dada, nyungu iache. Bibi zetu walijifukiza kabla redio haijafika. Kilichoharibu ni zile namba kukatika. Msibani tukaishia kunong'ona "changamoto ya upumuaji", kila mtu anajua na hakuna anayesema. Mama yako aliambiwa kwa kunyamaziwa.

BintiMpare: Hapo umenigusa. Anko alizikwa Februari 2021 kwa maneno hayo hayo matatu.

Nesi mstaafu: Pole mwanangu. Surua usiiunganishe na korona, utampoteza kabisa. Mwulize wewe ulichanjiwa wapi, na nani alikushika mguu ukilia. Kadi yako ya kliniki ataijua ilipo. Anzia kwenye kadi.

Mchaga_wa_Kibosho: Kwetu mzee alimtazama balozi wa nyumba kumi. Balozi alipokunja shati akaonyesha bega, mzee akaenda kesho yake.

BintiMpare: Balozi wetu ndiye aliyekuwa anagawa majani ya mpera. Nimempigia mama kuhusu kadi, ipo kwenye sanduku la bati, chini ya vitenge. Amesoma tarehe zote kwa sauti.