Ukumbi wetu unanguruma kama pipa tupu, nisaidieni

Kipenga_Jinja: Habari zenu wakubwa. Ninasimamia ukumbi wa michezo ya ndani hapa Jinja: netiboli, voliboli, Jumamosi watoto. Urefu mita 40, upana 20, kimo 8. Kuta za lipu, sakafu saruji, juu mabati matupu. Refa akipuliza kipenga, wachezaji wanageuka huku na huku kumtafuta. Mwalimu wa watoto koo limekauka. Je, trei za mayai zitasaidia? Nijibuni kabla ya Jumatatu.

Mzee_Walukuba: Sisi tulipiga ndondi chini ya mabati hayo hayo, na kengele tuliisikia. Vijana wa leo mmekuwa laini.

FundiSauti: Kuna hesabu ya Sabine, yule wa Harvard aliyepanga mito ya viti ukumbini miaka ya 1890 akapima sauti inavyokufa. 0.161 mara ujazo, gawa kwa eneo linalomeza sauti. Ujazo wako ni 6,400. Kuta, sakafu na mabati vikimeza asilimia 5, mwangwi unakaa sekunde 8. Wewe unataka karibu na 2. Trei humeza sauti nyembamba tu, mngurumo unabaki, na moto zinaushika upesi. Tafuta pamba ya glasi iliyofunikwa kitambaa, kama mita za mraba 500, darini na kutani.

Kipenga_Jinja: Asante fundi, ila pesa hiyo sina. Trei ni rahisi.

Mama_Bugembe: Mwanangu, Jumatatu kuna nini?

Kipenga_Jinja: Ni mambo ya kawaida tu.

Mama_Bugembe: Sema.

Kipenga_Jinja: Haya. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, anakuja na majirani. Jumapili tunakodisha kwa kanisa, wana spika nane. Na trei nimeshanunua kwa shemeji, 4,000, nyingine bado zina manyoya. Msinicheke, studio moja ya redio nimeiona imejaa trei.

FundiSauti: Ungeanza na hapo! Kumeza mwangwi ndani ni kazi moja, kuzuia sauti isitoke ni nyingine. Kuzuia kunataka ukuta mzito na mianya iliyozibwa. Mabati hayakusaidii chochote. Waambie wapunguze spika.

BinArua: Mungu si kiziwi jamani. Kwetu pia jirani alianza na spika mbili, leo mke wangu ananiongelesha kwa mikono.

Jicho_Pevu256: Subirini. Mwezi uliopita Kipenga alikuwa akiuza trei humu humu. Halafu trei 4,000 zinafunika mita za mraba 360, hata nusu ya dari hazifiki. Picha ya ukumbi iko wapi?

Kipenga_Jinja: Nilikuwa namuuzia shemeji. Picha naleta, umeme umekatika.

Mzee_Walukuba: Jinja? Bwawa la umeme lipo hapo tangu 1954!

Mama_Bugembe: Ukumbi uwepo usiwepo, trei ni shilingi ngapi? Kuku wangu wanataga.