Madereva wa malori tupeane uzoefu: siku uliyojikuta juu ya reli

Wakuu, salaam. Nina miaka 19 kwenye usukani, lakini honi ya treni nikiisikia hata nikiwa kitandani mwili unanisisimka.

Ilikuwa jioni, nina semi, yaani kichwa cha lori kinachovuta tela, iliyoshiba mzigo, foleni inasogea kidogo kidogo. Gari ndogo ya mbele ikavuka reli, nami nikaifuata. Ikasimama. Kichwa changu kimeshavuka, tela lote limelala juu ya reli, nyuma basi limenibana. Taa zikaanza kuwaka. Nilitazama kioo cha pembeni nikaiona ile njia ya reli imenyooka hadi mwisho wa macho, na mwisho wake kuna taa moja nyeupe.

Mwenye gari ndogo alistuka, akapanda pembeni ya barabara. Nikachomoka. Kizuizi kilishukia mlango wa nyuma wa tela, nilikisikia. Nilipopaki mbele, utingo wangu alishuka akakaa chini bila kusema neno.

Kosa lilikuwa langu, si la gari ndogo. Nilipanda reli kabla sijaona nafasi ya kunitosha mimi na tela langu. Wenzangu yamewakutaje?

Dereva wa lobedi:
Mimi adui yangu si foleni, ni tuta. Wakikarabati reli wanaongeza kokoto, inazidi kupanda, barabara inabaki chini. Nilibeba ekskaveta, kichwa kikavuka, tumbo la lobedi, lile tela linalokaa chini karibu na lami, likakaa juu ya reli kama ngalawa kwenye fungu. Matairi yakawa yanasugua lami tu. Nikapoteza dakika nzima nikikanyaga mafuta nijichomoe. Ujinga mtupu. Treni ya mizigo ikiwa kwenye kilomita 90 kwa saa inahitaji zaidi ya kilomita moja na nusu kusimama, yaani akikuona kwa macho ameshachelewa. Cha kwanza ni kutoka garini, cha pili ni kupiga simu kwa watu wa reli. Nilikuwa sina namba yao. Aliyeniokoa ni mlinzi wa kivuko cha reli.

Fundi breki:
Mimi si dereva, ila niliwahi kuitwa usiku kuchomoa gari juu ya reli. Dereva anaapa breki zimejifunga zenyewe, na kweli zimejifunga. Paipu ya upepo kati ya kichwa na tela ilikuwa inaning'inia chini, ikanasa kwenye reli ikachomoka. Upepo ukiisha tela linajifunga, ndivyo lilivyoundwa. Paipu yenyewe ilikuwa imefungiwa kipande cha tyubu kilichooza. Kipande hicho ninacho gereji mpaka leo.

Dada wa usukani:
Kaka zangu, mimi huwa nahesabu. Mwongozo wa leseni za malori wa Marekani unasema semi ikiondoka kutoka kusimama inahitaji angalau sekunde 14 kuvuka njia moja ya reli, zaidi ya 15 zikiwa mbili. Taa za kule kwa kawaida zinatakiwa kuwaka angalau sekunde 20 kabla treni haijafika. Toa wenyewe muone kinachobaki, na hapo hujakosea gia. Ndiyo maana nikiwa juu ya reli sigusi gia. Naingia na ileile itakayonitoa.

Mgeni njiani:
Mbona mnajitupia lawama wenyewe? Mendon, Missouri, hukohuko Marekani, tarehe 27 Juni 2022, tipa liligongwa na treni ya abiria, wakafa watu 4, dereva wa tipa akiwemo. Kivuko hakikuwa na taa wala kizuizi, barabara inapanda mwinuko mkali na kukata reli kwa mshazari. Hapo dereva afanyeje?

Mwanzisha mada:
Mkuu, kivuko kile kilikuwa kibovu, sibishi. Ila aliyekichora hayumo kwenye kebini na wewe. Pakiwa pabaya hivyo, simama, zima redio, shusha kioo, mtume utingo akaangalie.

Utingo mstaafu:
Hapo kwa utingo umenigusa! Bosi wangu alikuwa ananishusha kila reli, mvua inanyesha, namtukana moyoni. Siku moja treni ikapita, behewa la mwisho likatoka, bosi akaachia breki. Nikapiga ubavu wa gari kwa ngumi zote mbili. Njia ya pili kulikuwa na nyingine inatoka upande wa pili, mabehewa yalikuwa yameificha. Tulirudi kwenye kebini hakuna aliyeongea. Baadaye akaninunulia soda.

Mgeni njiani:
Swali kwa wote: ukikwama ukaruka, unakimbilia wapi?

Dereva wa lobedi:
Toka kwenye reli, halafu kimbia kwa mshazari kuelekea kule treni inakotoka. Najua kichwa kinakataa. Lakini ikigonga, vyuma vinarushwa mbele, na ukikimbia inakoelekea vitakukuta hukohuko.

Dada wa usukani:
Mwanzisha mada, na yule utingo wako alirudi kazini?

Mwanzisha mada:
Alirudi, dada. Ila tukikaribia reli anafungua mlango kabla sijasimama.