Naombeni ushauri: siku ya kwanza Lusaka na mama mzee na watoto wawili

Mwana_Uyole: Wakuu habari za jioni. Mwezi wa sita shule zikifungwa natoka Mbeya na mke wangu, watoto wawili (miaka 6 na 9) na mama yangu mzazi. Tunapanda treni ya TAZARA mpaka Lusaka. Hakuna kati yetu aliyewahi kuvuka Tunduma. Siku ya kwanza tuanzie wapi? Mama magoti yanamsumbua, ila siku hiyo nataka afurahi kweli. Siku moja tu. Nakosa usingizi.

Dada_Makambako: Hongera kwa kumtoa mama. Pasi za watoto zipo? Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, je? Mimi 2014 nilibadilisha hela mpakani kwa vijana wa mkononi, nikapewa bunda la kwacha nikajiona tajiri. Kumbe Zambia walishafuta sifuri tatu 2013, na nusu ya noti zangu zilikuwa za zamani. Nililala stendi na mtoto mgongoni.

Kijana_Mafinga: Watoto waambie mapema kuwa nshima ni ugali uleule, wasije wakasusa chakula bure.

Mtumishi_Tukuyu: Mkuu, "siku moja tu". Siku ya pili kuna nini?

Mwana_Uyole: Siku ya pili tunakwenda kwa kaka yangu, ana duka la vipuri Kamwala, hapohapo Lusaka. Aliondoka 2011 baada ya kuuza shamba la viazi la marehemu baba bila kumwambia mtu. Mama hajasikia sauti yake tangu hapo. Anajua tunakwenda kutembea tu. Nikimwambia hapandi treni, namjua. Nyumba ya wageni nimeshalipia. Naomba tujadili siku ya kwanza.

Mama_Ilemi: Mwanangu, mama si mzigo. Mimi niliambiwa twende Iringa kumsalimia mjukuu, kufika nakuta kikao cha kunipatanisha na dada yangu. Nilikaa mpaka mwisho kwa adabu. Ila kijana aliyenipeleka, miaka mingi sikumwamini tena.

Mwana_Uyole: Nimekusikia mama. Lakini wangu ana presha, na kila mwaka nasema mwakani. Nikisubiri akubali, atazikwa hawajaonana.

Mhehe_Halisi: Wakuu, hii chai. Treni ya TAZARA haifiki Lusaka! Reli inaishia New Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 kutoka Dar. Msafiri gani hajui anashukia wapi?

Kijana_Mafinga: Hata mimi nilihisi. Mwisho ataomba nauli.

Mwana_Uyole: Sijaomba shilingi ya mtu. Tunashuka Kapiri, tunamalizia na basi kama kilomita 200, nilifupisha tu. Na huyo kaka natamani ningekuwa nimemtunga.

Nipo_Lusaka: Mwacheni, wengi huku wamekuja kwa njia hiyo. Mkuu, rudisheni saa nyuma kwa saa moja. Asubuhi ya kwanza msipange kitu, safari itakuwa imemchosha mama. Mji ni tambarare, hakuna vilima vya Mbeya, magoti yatashukuru. Mchana chukueni teksi mpaka makumbusho ya taifa, Independence Avenue. Sanamu ya Uhuru, ya mtu anayekata minyororo, iko barabara hiyohiyo, na watoto wataipenda. Cairo Road itazameni mkiwa ndani ya gari. Lakini elewa kitu kimoja: Kamwala iko jirani kabisa na katikati ya mji. Hiyo siku yako ya furaha mnaweza kukutana na kaka barabarani, mama akiwa hajui lolote. Mwambie akiwa bado nyumbani kwake.

Mwana_Uyole: Hilo la Kamwala kuwa jirani sikulijua.

Mama_Ilemi: Mwambie usiku, wajukuu wakishalala.

Mwana_Uyole: Wakuu, nimerudi baada ya siku tatu. Nilimwambia jana usiku. Hakujibu neno, akaingia kulala. Leo asubuhi kaenda sokoni Mwanjelwa peke yake, karudi na mchele wa Kyela kilo 5, kaufunga kwenye kitenge na kuuweka juu ya begi lake. Sijamuuliza ni wa nani.