Naomba ushauri: kupima kaboni kwenye miombo inayoungua kila mwaka

Wakuu, habari za majukumu. Naandaa utafiti wa uzamili kuhusu moto na kaboni iliyohifadhiwa kwenye miti ya msitu wa kijiji, Kilwa. Majaribio ya kuchoma miombo yaliyofanyika Ndola, Zambia, kuanzia 1933, yalionyesha kuwa moto wa mwisho wa kiangazi huua miti na kuacha nyasi. Penye kinga kamili dhidi ya moto, msitu ulijifunga, yaani miti ilisongamana na matawi yakakutana juu. Sawa, lakini kijijini nani atazuia moto kabisa? Ndiyo maana naegemea kuchoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu.

Kinachonitatiza ni vipimo. Kipenyo cha shina, ninachotumia kukadiria kaboni ya mti, napima mita 1.3 kutoka ardhini, ila visiki vilivyoungua huchipua mashina kibao. Hayo mnayahesabuje? Na mti ulioliwa ndani na moto, mnapunguza kiasi gani cha kaboni? Mliowahi kufanya kazi hii, naombeni mwongozo.