Wiki ya tano bila wanga, kupanda Mariakani nazima. Nishaurini

Pedali wa Bamburi:
Salaam wakuu. Nina miaka 43, kilo zilikuwa 91, sasa 86. Sijagusa ugali, wali wala mahamri. Asubuhi mayai na parachichi, mchana samaki wa kupaka na mchicha wa nazi, usiku hivyo hivyo na korosho kidogo.

Kwenda Kilifi kwa baiskeli, kama kilomita 60, natoka na maji matupu na narudi sina njaa. Zamani Mtwapa lazima nisimame nitafute soda. Lakini nikishika njia ya Nairobi, kutoka Mazeras kupanda Mariakani miguu inakuwa magogo. Wenzangu wananipita huku wakipiga soga. Usiku vigimbi vinakaza mpaka naamka. Mwezi ujao tunakwenda Voi, kilomita 160 hivi. Niendelee au nirudie wali?

Viazi Karai:
Kaka, mtu wa Mombasa aache mahamri na mbaazi kwa hiari yake? Umerogwa.

Fundi Spoku:
Nilikaa hivyo mwaka na nusu, kwa hiyo nasema nililoonja. Mwili huweka akiba ya wanga ya gramu 400 hadi 500 tu, kwenye misuli na ini. Mafuta, hata mwembamba anayo ya kumfikisha Kampala. Ndiyo maana Kilifi waona raha: mwendo wa taratibu, mwili umeshazoea kuchoma mafuta. Ila mafuta yanataka oksijeni zaidi ili yatoe nguvu ile ile. Kilimani pumzi imeshabana, hiyo ya ziada utaitoa wapi?

Louise Burke wa Australia, mtafiti wa lishe ya wanamichezo, aliwapima watembeaji wa mashindano, matokeo yakatoka 2017. Waliokula mafuta kwa wiki tatu waliyachoma kwelikweli, lakini kwa mwendo ule ule walitumia oksijeni nyingi zaidi, na muda wao wa kilomita 10 haukuboreka. Wenzao wa wanga waliboresha.

Siku za kazi mimi bado nala wanga kidogo. Usiku wa kuamkia safari ndefu, wali wa nazi bila aibu. Njiani nalenga gramu 60 za wanga kwa saa: ndizi mbili na tende tatu hivi, naanza kabla njaa haijabisha hodi. Anza kuzoea sasa, maana tumbo lililosahau sukari laweza kukugomea Maungu, kabla hujafika Voi, na pale hakuna wa kumlilia.

Nesi wa Kisauni:
Hilo la vigimbi msimsingizie kilima peke yake. Ukipunguza wanga insulini inashuka, na figo zinatoa chumvi na maji kwa wingi. Katika hizo kilo tano, maji yamo. Ongeza jasho la huku kwetu. Maji matupu kwa saa nne si ushujaa. Tia chupani ndimu na chumvi, na jioni unywe supu ya samaki.

Lakini kwanza tuambie, una presha au sukari? Kama una presha, usiongeze chumvi kabla ya kuonana na daktari. Na anayejidunga insulini akiacha wanga bila kupunguziwa dozi, anaweza kuanguka katikati ya malori.

Mzee wa Likoni:
Wiki tano ni chache, msimkatishe tamaa. Mimi mwezi wa nane huu, Lunga Lunga naenda na kurudi. Hata Tim Noakes wa Afrika Kusini, daktari aliyekuwa akiuhubiri wanga, aligeuka mwenyewe.

Fundi Spoku:
Mzee wangu, kufika unafika, hakuna anayekataa. Ila mwendo wako twaujua, sisi ndio hukusubiri feri.

Pedali wa Bamburi:
Nesi, nilipimwa majuzi, presha na sukari sina. Jumamosi napanda tena Mariakani, tende mfukoni, ndimu na chumvi chupani, nitawaletea habari. Mke wangu amesoma haya yote kimya kimya. Ameshaloweka mbaazi.