SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika) wamefunga virago Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, Rwanda wamebaki. Hizi jumuiya zina kazi gani kwenye vita ya ugaidi?

Mchokonozi
Wakuu, heshima kwenu. Naomba tujadili bila kutoka nje ya mada. Julai 2025 ulitimia mwaka tangu SADC waondoe jeshi lao Msumbiji, lile la SAMIM. Turudi nyuma kidogo. Mashambulizi ya hao magaidi, ambao wenyeji wanawaita Al-Shabaab, yalianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Maputo wakajaribu Warusi wa kukodi wa Wagner 2019, wakapigwa wakaondoka. Wakaja makaburu wa kukodi na helikopta zao. Palma inavamiwa Machi 2021, Total, kampuni ya Ufaransa, wanasimamisha mradi wa gesi wa dola bilioni 20 pale Afungi, SADC bado wako kwenye vikao wanasoma maazimio.

Julai 2021 ndipo SAMIM wakaingia, nchi nane. Rwanda, ambao SADC hata si wanachama, walitangulia siku chache tu, na ilipofika Agosti 8 Mocímboa ilikuwa mikononi mwao wakishirikiana na jeshi la Msumbiji. Umoja wa Ulaya ukawapa Rwanda euro milioni 20 Desemba 2022, ukaongeza 20 nyingine Novemba 2024. SAMIM yenye nchi nane iliidhinishiwa 15.

Swali langu: kama nchi moja yenye mlipaji mzuri inatosha, tunachangia hizi jumuiya za nini? JWTZ wetu wenyewe walikaa Nangade wanapika ugali wakati Wanyarwanda wanapigana.

Kombania B
Ungeishia kwenye swali ungeheshimika. Ugali? Wewe uko wapi, Sinza? Nangade ni ng'ambo tu ya Ruvuma. Oktoba 2020 wale jamaa walivuka mto wakaingia Kitaya, Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Jiulize kwa nini hujasikia Kitaya ya pili kubwa kama ile. Wanaume wamelala kwenye mahandaki huko wewe unaandika upuuzi ukiwa na soda mkononi.

Halafu weka kumbukumbu sawa: SAMIM imekwisha, vijana wetu hawajaondoka. Wamebaki Nangade kwa makubaliano ya nchi mbili.

Mkwaju
Kombania B amekasirika lakini amejibu swali bila kujua. Kama tumebaki kwa makubaliano ya nchi mbili, basi jumuiya ilikuwa ya nini?

Kombania B
Sijakasirika.

Kigogo cha Mnazi
Mimi naanzia mbali kidogo. Umoja wa Mataifa wenyewe haujakubaliana ugaidi ni nini. Rasimu ya mkataba mmoja wa jumla iliwasilishwa na India 1996 na mpaka leo iko mezani, wanavutana nani gaidi na nani mpigania uhuru. Kilichopo ni maazimio: 1267 la 1999 la kuwekea watu vikwazo, 1373 la 2001 baada ya Septemba 11 la kuzilazimisha nchi zote kuziba fedha za magaidi. Kila serikali inajaza yenyewe neno gaidi maana yake nani. Sasa mnataka ushirikiano wa kupambana na kitu ambacho hakijatajwa?

Nyang'au Mpole
Wabongo bwana. Mnajisifia mahandaki na kiongozi wa hao watu ni wa kwenu. Marekani ilipomweka Abu Yasir Hassan kwenye orodha ya magaidi Machi 2021 si ilisema ni Mtanzania? Sisi Kenya tumepigana na Al-Shabaab ya kweli, ile ya Somalia yenye mabomu, tangu Oktoba 2011. Nyinyi hamjawahi kulipuliwa chochote halafu mnatufundisha vita.

Mkwaju
Hatujawahi kulipuliwa?? Agosti 7, 1998 ulikuwa umezaliwa? Nairobi walikufa zaidi ya 200, Dar walikufa 11, dakika chache tofauti. Au wetu hawahesabiki kwa sababu ni wachache?

Kombania B
Achana naye huyo. KDF, jeshi la Kenya mnalolisifia, ndio walioingia Kismayo, Somalia, 2012, na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wakaandika kwamba mkaa uliendelea kupakiwa bandarini palepale, wakati Baraza la Usalama lilikuwa limeshaupiga marufuku Februari mwaka huohuo. Vita ya ugaidi au biashara ya kuni?

Nyang'au Mpole
Hiyo ya mkaa mnaipenda sana. Ripoti ni ripoti, serikali ilikanusha.

Mkwaju
Serikali gani duniani imewahi kuandika "ndiyo, tuliuza mkaa"?

Kombania B
😂😂 magunia mangapi kwa shehena?

Nyang'au Mpole
Chekeni. Aprili 2, 2015, chuo cha Garissa, watu 148, karibu wote wanafunzi. Mimi nilikuwa chuo kingine mwaka huohuo, tuliosoma nao sekondari walikuwa pale. Tumekaa Chiromo, mochwari ya Nairobi, tukisubiri majina yasomwe. Kwa hiyo mtu akiniletea stori ya mkaa na vicheko namwona kama hana akili timamu. Jeshi letu lina makosa yake, nayajua kuliko wewe. Lakini tuliingia wenyewe kwanza, mwaka uliofuata ndipo tukaingizwa kwenye AMISOM, misheni ya Umoja wa Afrika Somalia, na hatujatoka. Nyinyi mngekuwa mmepakana na Somalia mngeshahamia Zambia.

Kombania B
Pole kwa waliofariki, hilo sina mzaha nalo. La kuhamia Zambia futa. Nenda Kampala uwaulize 1979 tulihamia wapi.

Mchokonozi
Wakuu, Idi Amin anaingiaje hapa? Swali lilikuwa SADC na Rwanda.

Mhasibu Mstaafu
Vijana, mnagombania ushujaa. Fuateni hela mtaelewa. Kule Somalia Umoja wa Ulaya ulikuwa unalipa dola 1,028 kwa askari mmoja kwa mwezi, na serikali zilizotoa majeshi zikikata kama 200. Mwaka 2016 Brussels, yaani huohuo Umoja wa Ulaya, ikapunguza asilimia 20. Mwaka huohuo ikagombana na Bujumbura juu ya mambo ya rais wao Nkurunziza, ikasimamisha kupitisha fedha kwa serikali, Warundi wakakaa miezi mstari wa mbele bila posho. Hakuna aliyewauliza Al-Shabaab kama nao wamesimama.

Desemba 2023 likapita azimio 2719: misheni za Umoja wa Afrika ziruhusiwe kupata hadi asilimia 75 kutoka michango ya lazima ya Umoja wa Mataifa. Watu wakapiga makofi. Ilipofika zamu ya Somalia Marekani wakasema hapana, siyo huku. AUSSOM, misheni mpya ya Umoja wa Afrika kule Somalia, ilianza Januari 2025 ikitembeza bakuli. SADC nao yalewale: wanachama wanachangia kwa maneno, mwisho wanasema fedha hakuna, wanaondoka. Mei 2024, SAMIM wakiwa wanafungasha, mji wa Macomia, hukohuko Cabo Delgado, ukavamiwa.

Kombania B
Kwa hiyo askari ni kibarua? Anapigana akilipwa, asipolipwa anaweka silaha chini? Mzee wangu nakuheshimu, ila umewatukana watu.

Mhasibu Mstaafu
Mwanangu, nimesema Warundi walikaa bila posho. Sikusema waliondoka. Soma tena.

Muntu wa Goma
Bandugu, miye naandikia hapa Goma. Munasifu Rwanda Msumbiji kama vile ni malaika. Bataalamu ya UN baliandika 2024 kwamba askari ya Rwanda elfu tatu mpaka elfu ine biko pamoja na baasi ya M23 huku kwetu. Kigali inakataa. Januari 2025 mji ikaanguka. Askari ya SADC balikufwa huku: Afrika Kusini, Malawi, hata ba Tanzania babili. Machi SADC ikasema mission imekwisha, barudi kwao.

Sasa musikilize hii. Machi 17, Umoja wa Ulaya ikaweka vikwazo kwa bakubwa ya jeshi la Rwanda juu ya vita ya huku. Mumoja ni Jenerali Eugene Nkubito. Alitoka wapi? Aliongoza kikosi chao Cabo Delgado! Ulaya ile ile ilitoa milioni kwa lile jeshi. Mutu mumoja: Palma anapigana na ugaidi, Goma anawekewa vikwazo. Munielezee iyo ushirikiano.

Mkwaju
Hii nilikuwa siijui. Mchokonozi, hiyo ndiyo ingekuwa mada.

Kigogo cha Mnazi
Ndicho nilichosema mwanzo kuhusu maana ya ugaidi, mkanipita kama kituo cha daladala usiku.

Bi Mikindani
Mimi nina ndugu Mocímboa, upande wa mama, Wamwani. Walikimbilia mji wa Pemba, wa hukohuko Msumbiji, 2020, wakarudi 2022. Naomba niseme kitu ambacho kaka wa Goma hatakipenda. Ndugu zangu wanawapenda Wanyarwanda. Wanaongea nao Kiswahili sokoni, askari wananunua samaki na wanalipa. Jeshi la Msumbiji wenyewe walikuwa wanawaomba vitambulisho wasio navyo, na asiye nacho anatoa pesa. Mtu aliyerudishiwa mtaa wake huwezi kumwambia habari za Brussels akakusikiliza. Kaka, nakupa pole ya dhati, na sikuambii umekosea. Nakuambia kule wanaona hivyo.

La pili ni hela. Nawatumia kila mwezi kidogo. Tanzania tulipowekwa kwenye ile orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kuzuia fedha haramu na za ugaidi, Oktoba 2022, benki yangu, siitaji, ikaanza kunihoji. Fomu ina kisanduku cha chanzo cha fedha, nikaandika korosho. Kijana wa dirishani akauliza, korosho za nani? Za marehemu baba, shamba liko Nanyamba. Akasema leta barua ya mtendaji. Nikaleta. Akasema anayetumiwa ana jina linalofanana na la mtu kwenye orodha ya magaidi. Jina lenyewe ni Saidi Abdala! Ukirusha jiwe Mtwara mjini unawapiga watatu. Nikahamia kwa mwenye jahazi, anachukua noti anazifunga kwenye mfuko wa plastiki, zinafika kabla ya wiki. Wamezuia ugaidi hapo, au wamenifundisha njia isiyoonekana?

Mhasibu Mstaafu
Bi mkubwa umegusa penyewe. Kenya walifanya hivyohivyo baada ya Garissa, wakafungia kampuni 13 za kutuma fedha za Wasomali kwa siku moja, baadaye wakazirudisha. Na kichekesho ni kwamba ESAAMLG, chombo cha kanda hii kinachosimamia hayo masharti, sekretarieti yake iko Dar es Salaam. Mwenye nyumba akawekwa kwenye orodha, akatolewa Juni 2025. Msumbiji nao wakatolewa Oktoba mwaka huo.

Nyang'au Mpole
Bi Mikindani, kwa hiyo unakiri hadharani unatuma hela eneo la vita kwa jahazi? Halafu mnashangaa Abu Yasir alifikaje.

Bi Mikindani
Natuma hela ya unga kwa shangazi yangu mwenye miaka zaidi ya sabini. Kama unga ni silaha, njoo unikamate, nyumba yangu kila mtu Mikindani anaijua.

Kombania B
Dada, sikuungi mkono kwenye jahazi. Mpaka ule una macho mengi na sababu ipo. Wanapita wakimbizi kumi, wawili siyo wakimbizi. Kibiti 2017 tulizika polisi wanane kwa siku moja, na waliofanya vile baadhi yao walikimbilia hukohuko kusini. Serikali ikikaza usiione mbaya.

Bi Mikindani
Ikikaza kwa nani? Palma ilipovamiwa watu walivuka Ruvuma wakiwa na watoto mgongoni, wakahojiwa, wakapakiwa magari, wakateremshwa Negomano, upande uleule wa vita. UNHCR, shirika la wakimbizi, walisema mwaka huo ni maelfu. Mke wa binamu yangu alikuwemo, na mimba ya miezi saba. Alikuwa anaomba kwa Kimakonde, askari anamjibu kwa Kimakonde. Ushirikiano huo mliuandika kwenye azimio namba ngapi?

Kombania B
Nani kakuambia alirudishwa? Una ushahidi au ni stori za sokoni?

Bi Mikindani
Alijifungulia Mueda, upande huohuo wa Msumbiji. Mtoto nimemlipia mimi ada ya chekechea Januari. Kwa jahazi.

Mchokonozi
Jamani, narudi kwenye swali. SAMIM ingepewa milioni 20 kama Rwanda, ingebaki?

Muntu wa Goma
Ungeuliza kwanza nani anatoa iyo milioni makumi mbili, na ya nini. Pale Afungi iko gesi. Beni, huku Kongo, baasi ya ADF banakata bantu na panga tangu 2014, na nao banasemaka ni Dola ya Kiislamu ileile ya Msumbiji. Ulaya ililipa jeshi la nani kwenda Beni?

Nyang'au Mpole
Uganda wako huko tangu Novemba 2021.

Muntu wa Goma
Uganda! Iyo fungulia uzi yake.

Kombania B
Hapo kwa Uganda niacheni mimi. Nafungua.