Kodi ya kodi: fremu nimelipwa pungufu, LUKU inakatwa, wapangaji wananuna. Mwenye nyumba nifanyeje?

MtotoWaMwisho

Wakuu habari za muda huu. Naombeni ushauri, wenye nyumba na wapangaji wote karibuni, ila wale wa "uza nyumba" tafadhali piteni pembeni.

Mzee wetu alifariki mwaka juzi, akatuachia nyumba Tabata. Nyumba ya kawaida tu, haina ghorofa, vyumba sita na fremu mbili (vyumba vya biashara) mbele barabarani. Vyumba viwili anakaa mama, vinne wana wapangaji. Kikao cha familia kikanichagua mimi msimamizi wa mirathi, mahakama ya mwanzo ikanithibitisha, ndugu wakanipigia makofi na tangu siku hiyo hakuna aliyepokea simu yangu kwa mara ya kwanza.

Mzee alikuwa na kaunta buku lake, jina la mpangaji, tarehe, hela, sahihi, basi. Miaka yote mambo yalienda. Mimi nimeingia tu mambo matatu yameniangukia kwa mpigo.

La kwanza fremu. Moja kachukua jamaa wa kampuni ya vifaa vya umeme, tukakubaliana laki nne kwa mwezi, analipa miezi sita sita. Ikatakiwa iingie 2,400,000, nikaangalia simu imeingia 2,160,000. Nikampigia nikijua kakosea, ananiambia mhasibu wao kakata asilimia 10 ya serikali. Sasa nimuulize nani? Mimi hiyo hela nilishaipigia hesabu ya paa la uani, fundi yuko juu ya kenchi ananisubiri.

La pili LUKU, ule umeme wa kununua tokeni kabla. Mita ni moja kwa vyumba vyote vinne, wapangaji wanachanga. Kila mwezi anayenunua wa kwanza anakatwa 1,500 ya kodi ya majengo. Matokeo yake ikifika tarehe moja hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Mwezi uliopita mita imelia pii pii pii siku nzima, usiku wamekaa giza siku mbili wanategeana, na mama yangu mwenye mita yake upande wa pili anasikia mitusi tu ya dirishani.

La tatu, mpangaji mmoja kijana msomi msomi kaniambia serikali imeshakataza kudai kodi ya miezi sita kwa hiyo yeye atalipa mwezi mwezi, na nikimsumbua ananipeleka kwenye sheria. Ni kweli?

Nawasilisha.

kitanda_cha_chuma

Uza nyumba mkuu.

(natania bwana usinune, nasubiri wataalamu hapa hapa)

MhasibuMstaafu

Pole kijana, na poleni kwa msiba hata kama ni wa siku nyingi.

Shida ya kwanza ni Kiswahili chenyewe. Kwetu anachokulipa mpangaji kinaitwa kodi, na unachoilipa serikali kinaitwa kodi. Ukija kwenye nyumba moja unakuta kodi ya pango, kodi ya zuio (inayokatwa kabla hujalipwa) kwenye hilo pango, kodi ya majengo, na kodi ya pango la ardhi ambayo ni ya kiwanja na inaenda Wizara ya Ardhi. Watu wanalipa moja wanadhani wamemaliza zote. Mzee wako kuna uwezekano alikuwa anakatwa ya LUKU akaona keshamalizana na serikali, na si yeye peke yake.

Huyo wa fremu hajakuibia. Kampuni ikikupangia inatakiwa ikate asilimia 10 ya pango kabla ya kukulipa na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato, ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Hiyo 240,000 ni kodi YAKO, wao ni mkono tu wa kuipeleka. Ila hapa ndo watu wanapigwa: usikubali maneno, dai cheti cha kodi ya zuio chenye namba yako ya mlipa kodi. Nimekaa kwenye hizi hesabu miaka mingi, nimeona wafanyabiashara wanamkata mwenye nyumba halafu hela wanaizungusha dukani, haifiki kokote, mwisho wa siku mwenye nyumba anaonekana hajalipa. Bila cheti huna cha kuonyesha.

Na ujue inakatwa kwenye pango lote, sio kwenye faida. Paa, rangi, dalali, kuvuta choo, hakuna anayekuuliza.

Kwa wale wapangaji wa vyumbani, mnakumbuka 2022 ilivyokuwa vurugu? Bajeti ile ilitaka hata mpangaji wa kawaida amkate mwenye nyumba asilimia 10, watu wakapiga kelele nchi nzima, nani atamkata mwenye nyumba wake halafu alale humo humo? Septemba Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba akaenda bungeni kusema jukumu hilo linaondoka kwa mpangaji, linabaki kati ya TRA na mwenye nyumba. Wengi wakasikia "imefutwa". Haikufutwa kodi, kilichoondoka ni kumtumia mpangaji kama mkusanyaji. Hela ya vyumba bado inatakiwa uitangaze mwenyewe.

Mkataba wa fremu nao unatakiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Kwako 4,800,000 kwa mwaka, kwa hiyo 48,000. Watu wanairuka halafu siku ya kesi mkataba unakataliwa kupokelewa mpaka ulipe.

ChumbaNaSebule

Mimi ni mpangaji na naomba niongee kwa niaba ya waliokaa giza hapo Tabata.

Mleta mada unasema "wanategeana" kama vile wao ndo wabaya. Kodi ya majengo ni ya mwenye jengo. Ilipoanza Agosti 2021 ilikuwa buku (1,000) kwa nyumba ya chini na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, 2023 ikapanda ikawa 1,500 na 7,500, na tangu siku ya kwanza ilisemwa mpangaji akikatwa amalizane na mwenye nyumba wake. Sasa taja mwenye nyumba mmoja aliyemrudishia mpangaji, nakusubiri hapa mpaka kesho. Na msiponunua umeme mwezi huo haipotei, inalimbikizwa, mwezi unaofuata mnakatwa mara mbili, kwa hiyo hata huko kutegeana kwao hakuwasaidii wamekaa giza bure.

Halafu wenye nyumba na nyie semeni ukweli. Mimi kwenye mkataba imeandikwa 150,000, mkononi nalipa 250,000, nikiomba risiti naambiwa "kwani hatuaminiani?" Siku nikigombana naye nitadai nini, laki na nusu au laki mbili na nusu? Mnalia kodi kodi wakati karatasi zenyewe mmezipika.

MtotoWaMwisho

@ChumbaNaSebule dada au kaka umenipiga za uso ila sawa. Mikataba ya mzee HAIPO kabisa, hata ya kupika, ni hilo kaunta buku tu. Na kuna mita mbili nyumba moja, ya mama na ya wapangaji, zote zinakatwa. Ni halali? Mama ana miaka 67, niliambiwa wazee hawalipi.

MhasibuMstaafu

Jengo moja halitakiwi kukatwa mara mbili. Beba namba za mita zote mbili uende kwa wanaosimamia kodi hiyo, ueleze ni nyumba moja, ichaguliwe mita moja ya kukatwa. Waambie wakate ya mama au ya kwako, umalize vita ya uani siku hiyo hiyo.

Ya mama kuwa mzee, msamaha wa miaka 60 ni kwa nyumba anayoishi mwenyewe isiyomwingizia kipato. Nyinyi mna wapangaji wanne na fremu mbili, hapo hapana. Na nyumba bado ni ya marehemu, mirathi haijafungwa, kwa hiyo maliza mirathi kwanza. Nakwambia hivi kwa sababu kama cheti cha zuio kitatoka kwa jina la marehemu utakuja kuzunguka nacho mpaka viatu viishe soli.

DalaliWaBuguruni

Mnaongea ya vitabuni, mimi naongea ya mtaani.

Mkuu ukitangaza fremu tangaza bei ukijua tayari ile 10. Unataka 400,000 iingie mkononi kamili? Gawanya kwa 0.9, inakuja kama 444,500, hiyo ndo bei ya kumwambia mtu wa kampuni. Watu wengi wanaongeza 40,000 tu juu wanasema 440,000, halafu wakikatwa 44,000 wanabaki na 396,000 wanaanza tena kulia. Na iandikwe kwenye mkataba nani anabeba zuio, wengine wanaandika "kodi zote juu ya mpangaji", mwingine anakubali kwa sababu anataka kona.

Ila usijidanganye, mwenye kaduka ka kawaida ukimwambia 444,500 wakati fremu ya jirani ni laki nne anahama. Nina fremu ninazozungusha toka mwaka jana zimefungwa, mwenye nyumba kakomaa na bei, popo ndo wapangaji.

Ya miezi sita: hakuna sheria inayokukataza. Lukuvi akiwa Waziri wa Ardhi aliliongelea sana, wapangaji wakashangilia, lakini maneno ya waziri jukwaani sio sheria. Ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, toka hapo ni makubaliano yenu. Huyo msomi wako kasikia taarifa ya habari nusu. Lakini nikushauri kitu, mpangaji anayelipa mwezi mwezi na halipi pungufu ana afadhali kuliko wa miezi sita anayekupa hela Januari unaimaliza Februari halafu bomba linapasuka Machi.

MvitaKale

Hamjambo jamaani, mie niko Mombasa nimesoma huu mjadala nikacheka, kumbe kilio ni kimoja.

Huku kwetu KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ilitushika tangu 2016. Mwanzo ilikuwa asilimia 10 ya kodi yote ya nyumba za kuishi, tangu Januari 2024 ikashuka ikawa 7.5. Inamhusu anayepata kutoka shilingi za Kenya 288,000 mpaka milioni 15 kwa mwaka. Mie nina vyumba saba mtaa wa Majengo, kila kimoja 4,500, hiyo ni 31,500 kwa mwezi, serikali inachukua 2,362. Zamani ningetoa 3,150 kwa hivyo siwezi sema haikupungua.

Sasa sikizeni uchungu wake. Lazima upeleke hesabu kila mwezi isipite tarehe 20, kwenye iTax, mtandao wa KRA, wewe mwenyewe na simu yako na miwani yako. Hata vyumba viwe vitupu wapeleka ya sufuri. Ukisahau faini 2,000, na kwangu mie 2,000 ni karibu sawa na kodi yenyewe. Nilisahau Ramadhani moja, nikasahau na mwezi wa Idi, nilipoingia nikakuta deni limekaa lanisubiri kama mgeni.

Na gharama hazitolewi. Mie nyumba ni yangu lakini kiwanja si changu, ndivyo ilivyo Majengo nyingi, nyumba yako, ardhi ya mwingine, namlipa mwenye ardhi kila mwezi. Hiyo haihesabiwi. Niliezeka paa mabati mapya, haikuhesabiwa. Ukitaka kutozwa kwenye faida waandika barua kwa kamishna utoke kwenye huo mpango, halafu uwe na vitabu vya hesabu vya kweli kweli, mie na kaunta buku langu kama la marehemu babako (Mungu amrehemu) nitaanzia wapi?

Wapangaji nao wamejua. Siku hizi mtu akigombana nawe hakutishii polisi, akwambia "mzee, wewe KRA wakujua?"

ChumbaNaSebule

😂😂 hilo la mwisho nimelichukua

kitanda_cha_chuma

Mpaka sasa hakuna aliyenishawishi nibadilishe jibu langu la kwanza.

MtotoWaMwisho

Wakuu nimerudi na mrejesho, wiki ya pili sasa.

Cheti cha zuio nimekipata ila sio kirahisi. Mhasibu wa ile kampuni alinizungusha siku nne, mara mtandao, mara bosi kasafiri, nikamwambia basi nakwenda kuuliza mwenyewe kama hela imefika, jioni ile ile cheti kikaja kwenye simu. Jina ni la marehemu kama MhasibuMstaafu alivyosema, nimerudisha wabadilishe. Mkataba ukiisha nakwenda na hesabu ya dalali ya kugawanya kwa 0.9, tukishindwana basi tutaongea katikati.

LUKU nimewasilisha namba za mita, ombi limepokelewa, ya wapangaji itolewe ibaki ya mama. Kwa sasa tarehe moja nanunua mimi tokeni ya kwanza ya elfu tano, inakatwa 1,500, zinazobaki ni zawadi yao. Nimewaandikia na mikataba kila mmoja, kodi halisi, tarehe halisi. Yule msomi kaisoma kurasa mbili nusu saa nzima kasimama mlangoni, akasahihisha herufi moja, akasaini. Analipa mwezi mwezi, nimekubali.

Nikadhani yameisha. Jana mama wa chumba cha tatu kaniita kibarazani, katoa mfuko wa rambo, ndani kuna vijikaratasi na meseji za LUKU kazinakili kwa mkono, kavifunga kwa raba, miezi yote aliyowahi kukatwa yeye tangu 2023. Nimevihesabu mbele yake, viko 14, ni 21,000, na saba kati ya hivyo mzee alikuwa hai bado. Anasema mzee alimwahidi atamkata kwenye kodi. Kwenye kaunta buku hakuna hilo neno. Hizo saba nazo nilipe mimi au ni deni la mirathi, niwapigie ndugu?